Tone la Jumamosi

Mama yangu alifanya kazi moja kwa miaka ishirini na sita: kulisha viumbe ambao macho matupu hayawezi kuwaona. Akiulizwa anafanya kazi gani, alijibu "maabara" kisha akabadilisha mazungumzo, maana alishachoka kuona sura za watu zikikunjamana anapoeleza kwamba kuna vimelea wa tumboni mwa ng'ombe, kwamba wametiwa kwenye chupa, na kwamba yeye ndiye anayehakikisha hawafi. "Sasa kwa nini wasife?" mjomba wangu aliuliza siku moja mezani. Mama alimtazama kama mtu aliyetukanwa nyumbani kwake. Kuanzia siku hiyo mjomba akamwita Mama Vijidudu, jina likamganda, na hata mlinzi wa getini kazini kwake akalipokea.

Mimi ni fundi cherehani. Nina hasira za karibu na sina subira na mambo yasiyoshikika kwa mkono, lakini vimelea wa Mama nawafahamu kuliko baadhi ya ndugu zangu. Baba alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na safari moja ikawa ndefu kuliko zote. Hakufa, alihamia kwingine tu. Kwa hiyo siku sita za wiki Mama alikuwa wa kazini, na mimi nilikuwa wa jirani yetu, mke wa seremala, aliyenilea pamoja na wanawe. Jumapili tulikuwa wawili tu. Hatukwenda popote. Mama alishusha pazia la bluu, chumba kikapata rangi ya maji, tukajilaza kwenye godoro moja mpaka jua likapanda, yeye akiongea macho yamefumbwa, mimi nikimsikiliza nusu usingizini. Mpaka leo sina hakika ni maneno yapi aliyasema na ni yapi niliyaota.

Alinisimulia kwamba zamani mno, kabla ya ng'ombe na kabla ya majani, mababu wa wale vimelea waliishi topeni wakijitegemea. Walichohitaji walikitengeneza wenyewe. Kwa kila kazi mwilini walikuwa na fundi wake mdogo, na fundi huyo ndiye anayeitwa kimeng'enya. Namna ya kumuunda fundi kama huyo imeandikwa ndani ya mwili, kwenye jeni, kama mimi ninavyoandika vipimo vya mteja. Ila maandishi hayo hayakai pamoja. Yako vipande vipande, na kati ya kipande na kipande kuna maneno marefu yasiyoeleweka, ambayo mwili huyakata na kuyatupa kabla ya kusoma.

"Kwa nini wasiyafute moja kwa moja?" niliuliza. Nilikuwa na miaka saba au minane.

"Nani ajuaye," Mama alijibu kwa sauti nzito ya usingizi. "Labda ni nafasi ya kupumulia."

Nikalala nikaota barua ndefu yenye mbavu, inapanda na kushuka.

Kisha, aliendelea Jumapili nyingine, au labda ilikuwa hiyo hiyo, tope likanywewa na mnyama, na wale mababu wakajikuta kwenye tumbo lenye giza na joto, ambamo kila kitu kinapita mbele yao kikiwa tayari. Wakaanza kuacha kazi moja moja. Haikuwa kwa siku moja, wala kwa miaka elfu. Fundi mmoja alisinzia, hakuna aliyemwamsha. Maandishi yake yakapauka, neno moja likadondoka, halafu kipande kizima. Kwingine vipande viwili vilivyokuwa mbalimbali vikasogeleana vikashikana, mafundi wawili wakawa mmoja mwenye mikono minne. Mama alipofika hapo alikuwa akichora hewani kwa kidole, polepole, na mimi nilikifuata kidole hicho kwenye mwanga wa bluu mpaka macho yakaniuma.

"Wavivu," nilisema.

Alicheka bila kufumbua macho. "Wewe nguo zako nani anazifua?"

Kazini kwake nilikujua kwa kusimuliwa tu. Kilikuwa chumba cha pili baada ya stoo, chenye meza ndefu ya vigae vyeupe, kabati la joto linalonguruma mchana kutwa, na chupa ishirini na nne bapa zenye vifuniko vya bluu. Kila siku saa tatu asubuhi Mama alitoa chupa moja moja, akaichungulia kwa hadubini, akanyonya nusu ya maji yaliyochakaa, akatia mapya, akasaini kwenye daftari. Kazi hiyo aliianzisha mtafiti mmoja wa zamani waliyempa jina la Mzee Kanuni. Yeye alikuwa na wazo lake. Maji ya lishe aliyaagiza yawe maskini kwa makusudi: yamekosa kiungo kimoja ambacho vimelea bila hicho hawawezi kuzaana, na ambacho waliweza kukitengeneza wenyewe kwa kutumia kimeng'enya kimoja tu. Alitaka fundi huyo asipate kusinzia. Na kila mwezi wa Januari mrija mmoja wa vimelea ugandishwe, ili watakaokuja baadaye wayasome maandishi ya fundi huyo mwaka baada ya mwaka, waone yanabadilika vipi kwa fundi asiyekuwa na njia ila kufanya kazi. Kanuni yake ilikuwa moja: walishwe kila siku, Jumapili ikiwemo, hata mvua ya mawe inyeshe. Yeye mwenyewe Jumapili alikuwa kwake anasoma gazeti.

Mzee Kanuni alifariki mwaka wa tisa wa kazi ile. Kazi ikabaki, kama kazi nyingi za maofisini zinavyobaki, hakuna anayekumbuka ilianza kwa nini na hakuna mwenye ujasiri wa kusema iishe. Mama aliendelea kusaini.

Mwaka jana akaja Daktari, mtafiti mpya. Ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, anatembea kama anayekimbizwa, na mfuko wa koti lake jeupe hauishi karanga. Alipofungua friza akaona mirija ishirini na tano imepangwa Januari kwa Januari, Mama anasema alishika ukuta. Aliisoma yote. Ikamchukua miezi minane, na kilichotokea akakichora kwenye karatasi pana akakibandika ukutani. Mwaka wa kwanza jeni ya kile kimeng'enya ilikuwa visanduku vitano vyeusi, vimeunganishwa kwa nyuzi nne nyembamba. Visanduku ndiyo maneno yanayosomwa, nyuzi ndiyo yanayotupwa. Mwaka wa pili vile vile. Mwaka wa saba uzi mmoja haupo na visanduku viwili vimeshikana. Mwaka wa kumi na moja kisanduku cha tatu kimemegwa pembeni. Miaka ikienda vinazidi kupukutika, na mwaka huu kilikuwa kimebaki kisanduku cha kwanza na nusu ya cha pili.

Na vimelea walikuwa hai. Wanazaana vizuri kwenye maji yasiyo na kile kiungo. Daktari alikata shauri: kipande kilichobaki kimejifunza kufanya kazi ya vitano. Fundi amekatwa mikono na miguu, na nguo inatoka imeshonwa. Hakuna aliyewahi kusema jambo kama hilo, na yeye alikuwa anaandika makala ya kulisema. Alimwambia Mama kwamba jina lake litakuwa la pili kwenye makala hiyo, chini ya lake tu.

"Bila mikono yako, Mama, hakuna kitu hapa," alimwambia. Makala ingepelekwa Ijumaa. Mama alikuwa amebakiza wiki sita astaafu, na wenzake walishaanza kunong'onezana kuhusu sherehe ya kumuaga.

Jumatatu ya wiki hiyo jioni nilifunga cherehani mapema. Nilimkuta Mama mezani, taa haijawashwa, nakala ndogo ya ule mchoro iko mbele yake na chai imepoa. Alikuwa ameweka kidole pale ambapo visanduku vinaanza kupukutika.

"Hii ni mimi," alisema.

"Nimesikia, Mama. Jina la pili."

"Sikiliza wewe. Nasema hii ni mimi niliyefanya."

Akanieleza, na nitaeleza kama alivyonieleza kwa sababu sikuelewa mara ya kwanza. Vimelea wale kwenye maji yao maskini walikuwa hawavuki siku moja na nusu bila kulishwa. Lakini kwenye friji ya pili kulikuwa na mabaki ya maji ya damu ya ndama, yale ya manjano yanayotulia juu damu ikikaa, ambayo watu wa chumba cha jirani waliyatumia kwa kazi zao na kuyamwaga. Yana kila kitu, kile kiungo kikiwemo. Mwaka wa pili wa kazi aligundua kwamba akitia tone moja kwenye kila chupa siku ya Jumamosi, vimelea wanafika Jumatatu wakiwa wazima. Basi Jumapili akawa haendi. Jumatatu anasaini mbili.

"Tone moja tu?" niliuliza.

"Mwanzoni. Baadaye nikaona Jumatano wanazubaa, wanazungukazunguka pale pale. Nikadhani ni uzee. Nikawatilia na Jumatano." Alisita. "Nilikuwa nawahurumia."

"Kwa miaka ishirini na minne."

"Ndiyo."

Hapo ndipo nikaelewa. Kile kisanduku na nusu hakikufanya kazi ya vitano wala ya kimoja. Kilikuwa hakifanyi kitu. Vimelea walikuwa wanaletewa, wakaacha kushona, na yale maandishi yakawa yanadondoka kwa kukosa msomaji, mbele ya macho ya Mama, Jumamosi kwa Jumamosi. Kile alichonisimulia kwamba kimechukua mamilioni ya miaka kwenye giza la matumbo, alikuwa amekifanya upya kwenye chupa kwa mkono wake, na hakujua.

Mimi nilipandisha hasira. Nilimwambia anyamaze. Sijivunii, lakini ndivyo nilivyosema: wiki sita, Mama, wiki sita tu ufumbe mdomo, uagwe kwa heshima kama watu. Saini za uongo zaidi ya elfu moja na mia mbili, wakizijua watakutoa kwa aibu, na mlinzi wa geti atajua, na mjomba atajua. Na huyo Daktari mwenyewe utamvunja mgongo. Nani atakushukuru?

Mama alinisubiri nimalize, kama alivyonisubiri utotoni nikijitupa chini.

"Watu wakisoma kwamba kipande hiki ndicho kinachowaweka hai," alisema, "kuna watakaotengeneza dawa ya kukishambulia. Watapoteza miaka. Na ng'ombe watakunywa dawa isiyofanya kazi." Akakunja karatasi. "Alhamisi naomba unisindikize."

Mama yangu hajawahi kuomba kusindikizwa hata hospitali. Nilimwambia ana kichwa kigumu, kisha nikaenda bafuni nikalia huku bomba likiwa wazi.

Siku mbili zilizofuata alikwenda kazini na kurudi kama kawaida. Alikuwa akitembea ndani ya nyumba polepole, anashika kitu na kusahau kwa nini amekishika. Mara moja nilimkuta amesimama dirishani na pazia mkononi, wala halifungi wala halifungui.

Alhamisi asubuhi niliingia kwa mara ya kwanza kwenye chumba cha pili baada ya stoo. Kilikuwa kidogo kuliko cha kwenye kichwa changu, na kilinuka chumvi na chuma. Daktari alikuwa ameegemea meza, anatafuna. Alinikaribisha vizuri, akaniambia Mama ni hazina. Mama akamwomba akae. Kisha akasema yote kwa mkupuo mmoja, amesimama, mikono nyuma, kama mtoto anayesoma shairi shuleni.

Daktari kwanza alicheka. Halafu akalichukua daftari, akalifungua nyuma, akalifungua mbele, akaanza kufuatisha Jumapili kwa kidole. Kutafuna kukakoma.

"Umesaini, Mama."

"Nimesaini."

"Zote hizi?"

"Kasoro za mwaka wa kwanza. Hizo nilikuja kweli."

Daktari alilifunga daftari taratibu, na taratibu ile ilinitisha kuliko kama angelitupa. "Miezi minane," alisema. "Nimekaa miezi minane nikisoma mirija yako. Nimewapigia watu simu. Nimemwambia baba yangu." Akageuka ukutani kwenye mchoro wake. "Kwa nini? Niambie tu kwa nini. Ulichoka?"

Mimi pia nilidhani alichoka. Nilikuwa tayari kumjibia.

"Mwanangu alikuwa na miaka mitatu," Mama alisema. "Jumapili moja nilitoka hapa nikapita kumchukua kwa jirani. Akamkimbilia jirani, akamwita mama. Jirani akamwambia, nenda, mama yako huyu hapa. Yeye akanitazama akasema, hapana, huyu ni shangazi."

Kabati la joto likanguruma.

"Alinisalimia vizuri tu," Mama aliongeza. "Kwa adabu. Shikamoo shangazi. Jumamosi iliyofuata nikatia tone."

Sikuwa nalijua hilo. Miaka ishirini na saba ya maisha yangu, na hakuna mtu, si Mama, si mke wa seremala, aliyewahi kunitajia. Hasira yangu yote ya Jumatatu ilitafuta wa kumwangukia ikakosa.

Daktari alipoongea tena sauti yake ilikuwa kavu, lakini ilikuwa ya kazi. "Siwezi kulichukua neno lako tu. Labda tone halikuwa na nguvu unayodhani. Labda kipande kinafanya kazi na wewe unajitesa bure." Akaeleza jaribio. Chupa kumi na mbili zingeendelea kama zilivyozoea, na tone lao. Kumi na mbili zingelishwa kila siku kama kanuni ya Mzee inavyotaka, bila tone. Kama kipande kile kinafanya kazi, chupa zote zingeishi, makala ingekwenda, na Mama angebaki mtu aliyedanganya daftari tu. Kama Mama amesema kweli, hizi kumi na mbili zisizo na tone zingekufa kufikia Jumapili, na makala nayo ingekufa. "Na wewe ndiye utakayezilisha, Mama. Hakuna mwingine anayejua kuzishika."

Mkurugenzi wa maabara aliambiwa siku hiyo hiyo. Alikuja mlangoni, hakuingia. Alisema Mama amalize jaribio, na Jumatatu aache ufunguo getini. Kuhusu sherehe hakusema, na kutosema kwake kulitosha.

Ijumaa alikwenda. Jumamosi alikwenda, na aliporudi aliniambia kwamba mkono ulikuwa unaenda wenyewe kwenye friji ya pili, ikabidi aukalie. Nilimwuliza anaomba nini, waishi au wafe. Aliwaza sana.

"Nikiomba waishi, nimeomba uongo ushinde," alisema. "Nikiomba wafe, ni wangu." Hakuniambia aliomba nini. Nadhani aliomba vyote viwili.

Jumapili asubuhi tulitoka pamoja. Barabara zilikuwa tupu na jua lilikuwa changa, na nilikuwa na hisia ya kutembea ndani ya usingizi wa mtu mwingine, maana saa ile miaka yote tulikuwa chini ya pazia. Daktari alishafika. Alikuwa na macho mekundu. Mama alivaa koti lake, akawasha hadubini, akaweka kwanza chupa iliyopata tone, akaniita.

"Njoo uwaone. Hujawahi kuwaona."

Niliinama. Mwanzoni niliona kope zangu. Halafu mwanga ukatulia na nikawaona: vitu vidogo kama machozi, angavu, kila kimoja na uzi mwembamba unaopepea, wanateleza, wanapishana, wanapinduka kwenye mwanga wa kijani usio na juu wala chini. Walikuwa wazuri. Samahani kwa mjomba, walikuwa wazuri. Nikakumbuka ile barua yenye mbavu, na kwa muda sikujua nina miaka mingapi.

Mama akabadilisha chupa. "Sasa hawa."

Mwanga ulikuwa ule ule. Viumbe walikuwa wamejikunja kama punje, wametuama chini, hawapepei. Nilitafuta kila upande. Pembeni kabisa mmoja alikuwa bado anatikisa uzi wake, anazunguka pale pale, anasimama, anazunguka tena. Nikampisha Mama. Alimtazama huyo mmoja kwa muda mrefu sana, mikono imeshika pande zote mbili za hadubini kama anayeshika uso wa mtu. Chupa ya tano. Ya tisa. Alipomaliza ya kumi na mbili alirudi kwenye ile ya kwanza, akachungulia, akazima taa ya hadubini.

"Basi," alisema. "Wamekufa njaa. Na chakula cha kanuni nimewapa."

Akakaa kwenye kiti chake akalia, si kwa sauti, machozi tu yakishuka mpaka kwenye kola. Nilimshika mabega. Yalikuwa madogo kuliko nilivyodhani. Nilijisikia fahari na nilijisikia mwizi, vyote kwa pamoja, na sikuweza kuvitenganisha.

Daktari aliubandua mchoro wake ukutani, akaukunja mara mbili. Nilidhani anakwenda kuutupa. Badala yake alivuta kiti akakaa mbele ya Mama, goti kwa goti, akaweka karatasi nyeupe juu ya paja.

"Hawakujifunza chochote," alisema. "Waliletewa, wakaacha. Na nina tarehe. Hakuna mtu duniani mwenye tarehe, Mama, isipokuwa wewe. Sitaiandika ile. Nitaandika hii, na nitaandika ilivyotokea, tone na Jumapili na kila kitu. Jina lako halitabanduka." Akafuta pua kwa mkono wa koti. "Lakini nataka mwaka kwa mwaka. Tone la Jumatano ulianza lini?"

"Mwaka sikumbuki," Mama alisema. Akanitazama. "Huyu alikuwa ameng'oka meno ya mbele. Mawili ya juu."

"Miaka saba," nilisema. "Au sita na nusu."

Daktari alihesabu kidogo kwa midomo. "Kwa hiyo mwaka wa sita. Na Januari ya saba uzi wa kwanza haupo." Akaandika. "Mwaka wa kumi na moja, kisanduku cha tatu kinamegwa. Kulikuwa na mabadiliko yoyote? Uliongeza?"

"Niliongeza kidogo. Huyu alikuwa anajifunza baiskeli. Nilikuwa nachelewa Jumatatu kwa sababu ya kumfunga vidonda vya magoti." Daktari aliandika na hayo, sijui kwa nini. Mimi nilikuwa nasikiliza kama mtu anayesomewa maandishi yake mwenyewe, sehemu ambazo alikuwa hajui kwamba zipo.

"Mwaka wa kumi na nne," Daktari alisema. "Hapa ndipo panapovunjika. Kisanduku cha tatu kinaondoka chote na cha nne kinakifuata, mwaka mmoja. Jumapili za mwaka huo zilikuwaje? Kulitokea nini?"

Mama aliwaza. Nje mtu alikuwa anafagia, ufagio ukaja karibu kisha ukaenda mbali.

"Hakuna kilichotokea," alisema. "Alikuwa na miaka kumi na mitano, amenuna, haongei na mtu, mimi ndiyo kabisa. Mwaka mzima sikupata neno. Ila Jumapili alikuwa anakuja mwenyewe, anajilaza kando yangu, ananigeuzia mgongo."

Daktari alingoja na kalamu. "Niandike nini?"

"Andika tulilala," Mama alisema.

Akaandika.